Hatua Tatu Kutoka Jiko Hadi Sinki

Kijiwe kiko pale ukutani, kati ya karakana ya seremala na duka la vipuri ambalo halijafunguliwa tangu mwenye nalo agombane na mkewe. Benchi ni refu, la mbao, mguu wake mmoja umekatika na mahali pake pamewekwa matofali mawili. Seremala mwenyewe hulikalia kila siku na hajawahi kuona haya. Kulia hukaa Gia, aliyeendesha malori miaka thelathini na sasa anaendesha mdomo. Kushoto hukaa Waya, fundi umeme ambaye kwake taa ya choo haijawaka tangu mwaka jana. Katikati, penye nafasi nzuri, hukaa Milimita, seremala wa miaka ishirini na mitatu aliyeaga shule mapema kwa maelezo kwamba walimu walikuwa wanamchelewesha. Jina la Milimita alijipa mwenyewe. Anadai hajawahi kukosea kipimo kwa zaidi ya hiyo moja. Mbele yao, juu ya kigoda, yuko Mama Birika na kahawa yake, mwanamke anayecheka kwa mabega tu, sauti haitoki. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi, saa tano na kitu, na Milimita alikuja amevaa shati lililopigwa pasi. Wote wakajua kwamba leo watasikia mengi.

— Jiko la bibi limekwisha, alisema Milimita, akijimiminia kikombe bila kukaribishwa. Nendeni mkalione, mkirudi mniambie kama kuna fundi mwingine katika mji huu.

— Mafundi wapo, alisema Waya. Wanyenyekevu ndio wameadimika.

— Mnyenyekevu ni yule ambaye meza yake inayumba. Yangu haiyumbi.

— Na hili benchi je? aliuliza Mama Birika.

— Hili ni la umma, Mama. Mimi sigusi mali ya umma.

Kisa chenyewe kila mtu pale alikijua, maana mtaa ule hauna siri iliyowahi kulala ikaamka. Bibi yake Milimita, mama mzaa baba, alianguka mwaka jana mlangoni pa bafu akavunjika nyonga. Mfupa uliunga, lakini tangu hapo anatembea na mkongojo mkono wa kulia, na akisimama muda mrefu mguu unamgomea. Wiki mbili zilizopita alikuja shangazi yake Milimita, binti mkubwa wa bibi, mwanamke ambaye hata akisalimia ni kama anasoma hukumu. Alimkuta mama yake anavuta kopo la chumvi kutoka rafu ya juu kwa ncha ya mkongojo, na kopo likamshukia kichwani, chumvi na vyote.

Shangazi hakupandisha sauti. Alimpangusa mama yake chumvi kwenye nyusi, akasema nyumba imemshinda, atahamia kwake, kuna chumba kizuri kinamngoja. Bibi akamuuliza huko atakuwa anafanya nini. Utapumzika, mama, hutagusa hata kijiko. Na bibi akajibu: nikiacha kugusa kijiko, nitakuwa nagusa nini?

Walibishana mpaka chai ikapoa, wakapatana hivi. Jumamosi shangazi atakuja akae sebuleni. Bibi atapika, atapakua, atafikisha mezani, peke yake, na hakuna mguu mwingine utakaoingia jikoni. Chakula kikifika mezani, bibi anabaki kwake na mjadala umefungwa. Kisipofika, anafunga mizigo siku hiyo hiyo, na nyumba inapata mpangaji. Mpangaji mwenyewe alishapita kuiangalia, akauliza friji lake litakaa wapi.

— Na wewe, shangazi alimwambia Milimita akiwa anaingia garini, wewe mjukuu wa kuja kula tu, siku hiyo kaa mbali.

Neno hilo lilimwingia pabaya. Siku kumi na moja Milimita hakukaa kijiweni. Alikuwa akija, anachukua kikombe, anaondoka nacho, na vumbi la mbao linamfuata kama mbwa wake. Ndiyo maana leo, aliposema limekwisha, hata Gia aligeuza shingo.

— Haya, tupe.

— Kwanza nilimpima. Siyo kukadiria kwa jicho. Kumpima, kama anayeshonewa gauni. Kisigino hadi goti, goti hadi kiwiko, kiwiko hadi ncha ya kidole.

— Na akakubali?

— Aliniuliza kama napima sanduku la kuzikia. Akasema kama ndilo, niongeze upana, maana yeye hulala kwa ubavu.

Mabega ya Mama Birika yakatikisika.

— Halafu nikashusha meza yote, aliendelea Milimita. Anapika amekaa, kwenye stuli yenye mgongo. Chini ya meza sikuweka kabati, nimeacha uwazi, magoti yanaingia bila kugonga. Rafu za juu nimezing'oa zote. Mle ndani hakuna kitu kilicho juu ya bega lake wala chini ya goti lake. Droo zinatoka mpaka mwisho, mishikio mipana, hata ngumi inaingia. Sakafu nimeikwaruza, haitelezi hata umwage mafuta. Jiko la gesi nimeliweka chini ya dirisha, mvuke unatoka nje, na bibi anamwona kila anayepita na alichovaa.

— Hilo la mwisho ndilo la maana, alisema Mama Birika.

— Sinki limebaki ukuta wa pili, penye bomba. Kutoka jiko hadi sinki ni hatua tatu. Nimezihesabu. Hatua za bibi, siyo zangu.

Akapuliza kahawa yake, akingoja kusifiwa. Lakini kijiwe kile sifa hazitoki, ukizitaka uje nazo kutoka nyumbani. Milimita alilijua hilo, kwa hiyo alikuwa amekuja nazo.

— Na mnajua kwa nini najitesa? Bibi ana wajukuu tisa. Wako wenye shahada, wako wenye magari. Lakini kila siku, saa sita na nusu, simu inayolia ni hii hapa. "Mume wangu, kimeiva, njoo." Hawezi kutia tonge mdomoni bila kuniona mimi. Akipelekwa kwa shangazi atakufa njaa kwa mapenzi.

— Atakayekufa njaa ni wewe, alisema Waya.

— Tutakufa wote wawili, ndiyo maana napigilia vizuri misumari.

Waya alikunja mguu juu ya benchi, dalili kwamba hotuba inakuja.

— Kazi yako siyo mbaya, mdogo wangu. Ila ni ya kizamani. Umeshusha meza, sawa. Je, siku bibi akitaka kusimama? Meza iwe na mota. Anabonyeza, inapanda. Anabonyeza, inashuka.

— Umeme ukikatika ikiwa juu?

— Anangoja.

— Na viazi navyo vinangoja?

— Sikia kwanza. Bomba lisishikwe. Bibi anaweka mkono chini yake, maji yanatoka yenyewe. Jiko la gesi lina kifaa cha kusikiliza. Bibi akikohoa mara moja, moto unawaka. Akikohoa mara mbili, unazimika.

— Yule bibi anakohoa tangu wewe hujazaliwa, alisema Gia. Jiko litakuwa linawaka na kuzimika kama taa ya gari linalokata kona.

— Basi apige makofi.

— Na mkongojo ataushika nani?

Waya alifikiri. Akasema makofi yatarekodiwa, bibi abonyeze kitufe, makofi yapigwe na spika. Alisema hivyo bila kucheka. Ndio ubaya wa Waya, hacheki mahali panapostahili.

— Ninyi hamjawahi kukaa nyuma ya usukani, alisema Gia, akiweka kikombe chini. Lori langu lilikuwa refu kuliko mtaa huu, na mimi nililiendesha nimekaa mahali pamoja. Kwa nini? Kila kitu kilikuwa mkononi. Gia hapa, breki hapa, maji ya kunywa hapa, karanga hapa. Sheria ya barabarani inasema dereva haondoki kitini chombo kikiwa kwenye mwendo.

— Jikoni hakuna mwendo, mzee.

— Sufuria ikichemka ni mwendo. Kwa hiyo bibi asiende kwenye chumvi. Chumvi imfuate bibi.

— Imfuate kwa miguu ya nani?

— Meza ya mviringo. Kubwa. Ina tundu katikati, na bibi kakaa ndani ya tundu. Anasukuma kwa kidole, meza inazunguka. Jiko linakuja, linapita. Sinki linakuja, linapita. Vitunguu vinakuja. Na juu nitamfungia vioo viwili vya pembeni, aone anayeingia kwa nyuma.

— Na bomba la sinki linalozunguka? aliuliza Milimita, ambaye kwa bahati mbaya alianza kuvutiwa.

— Mpira mrefu.

— Utajisokota.

— Akizungusha mara tatu kulia, azungushe mara tatu kushoto. Mimi nimegeuza lori kwenye njia ya mbuzi, bibi atashindwa na meza?

— Swali langu ni dogo, alisema Mama Birika. Kwenye hilo tundu la katikati, bibi anaingiaje?

Gia alinywa kahawa polepole.

— Anapita chini.

— Na nyonga?

— Anapita chini taratibu.

Wakati huo ndipo mpeleka gesi aliposimamisha baiskeli. Alikuwa mtu mzima, mkimya, mwenye mabega ya kazi, na kila mtu alimjua kwa kupita, kukaa hajawahi. Aliegemeza baiskeli na mitungi yake miwili ukutani, akaomba kikombe, akasimama nacho. Waya alikuwa ameshapata wazo la kumfunga bibi kamera kifuani ili shangazi aone kila kitu akiwa kwake. Gia alikuwa anataka meza iwekewe honi. Milimita, ili asipitwe, alikuwa anaapa kwamba akipewa mwezi mmoja atajenga jiko ambalo mtu analala kitandani na wali unaiva.

— Samahani, alisema mpeleka gesi. Huyo ni bibi wa mlango wa bluu?

— Ndiye, alisema Milimita. Bibi yangu mzaa baba. Jiko nimelijenga mimi.

— Mkongojo anashika mkono wa kulia.

— Wa kulia.

— Na sufuria yenye moto inataka mikono miwili.

— Kila mtu anajua hilo.

— Sasa hizo hatua tatu, aliuliza mpeleka gesi, sufuria anaibeba na nini?

Hapakuwa na ukali katika swali lile. Aliliuliza kama mtu anayeuliza njia.

Waya alifungua mdomo, akasema, "Si anaweza kui...", akaufunga. Gia alisema, "Sheria ya barabarani...", na kwa mara ya kwanza tangu benchi lile liwekwe matofali, sheria haikupatikana. Milimita alikuwa anatazama mikono yake. Aliukunja wa kulia kama anayeshika fimbo. Akaunyoosha wa kushoto mbele, peke yake, ukiwa na sufuria ya hewa ndani yake. Ile sufuria ya hewa ilimlemea.

— Mimi nauliza kwa sababu moja, alisema mpeleka gesi. Kila nikimpelekea mtungi, nikishaufunga, ananiambia, "Baba, kabla hujatoka, niepulie hicho kisufuria." Nimemwepulia mara nyingi. Hata fundi bomba ameniambia naye huwa anaambiwa hivyo hivyo. Nikadhani nyumbani kuna mtu wa kumwepulia siku nyingine.

Milimita akakumbuka kwamba kila siku akifika, kitu cha kwanza bibi humpa ni vitambaa vya kushikia sufuria. Na hapo hapo, mfukoni mwa shati lililopigwa pasi, simu ikalia. Ilikuwa saa sita na nusu.

Milimita aliiacha ilie mara tatu ndipo akaipokea.

— Mume wangu, sauti ya bibi ilisema, na kwenye simu ile mbovu kila mtu alisikia. Kimeiva, njoo.

— Bibi. Umeepua?

Upande wa pili ilisikika sufuria inatokota, kifuniko kinagongagonga.

— We njoo tu tule, alisema bibi.

Basi Milimita alikwenda, na kijiwe kizima kikamfuata bila kualikwa, Mama Birika na birika lake, mpeleka gesi na baiskeli yake. Jiko lilikuwa kama alivyolisifu, hakuongopa hata kidogo: meza imetulia, droo zinateleza kama mtoto kwenye tope, mwanga unaingia vizuri. Na katikati ya uzuri wote huo bibi alikuwa amekaa kwenye stuli yenye mgongo, vitambaa viwili vya kushikia mapajani, moto ameuzima, sufuria ya viazi mbele yake imejaa maji ya moto. Anaitazama. Sinki liko nyuma yake, hatua tatu.

— Tangu lini? aliuliza Milimita.

— Tangu lini nini?

— Kuepuliwa.

Bibi aliwatazama wale wageni mlangoni mmoja mmoja. Alipofika kwa mpeleka gesi akamkazia macho, naye akatazama ukuta.

— Tangu nitoke hospitali.

— Na hukusema.

— Ningekwambia wewe, ungemwambia baba yako. Baba yako angemwambia shangazi yako. Leo ningekuwa kwenye kile chumba kizuri natazama dari.

— Kwa hiyo kila siku ulikuwa unaniita niepue. Hukuwa unaniita nile.

— Kuepua nilikuita. Kula ulijiongezea mwenyewe.

Gia alikohoa. Waya alijifanya anakagua soketi. Milimita alisimama pale na shati lake, na bibi akamwona, akamhurumia.

— Ila mkila wawili chakula kinakuwa na maana, mume wangu. Sikusema uongo hapo. Haya, niepulie.

Milimita aliepua. Alimwaga maji, akapakua, akala amesimama, haraka, macho yakiwa kwenye ile meza. Alipomaliza alitoa futi yake mfukoni. Alipima kutoka usawa wa meza hadi juu ya vyuma vya jiko la gesi: sentimita kumi na mbili. Alipima meza ya sinki. Kisha akaenda karakana, akarudi na msumeno.

— Unaikata? alisema bibi. Si jana umeniambia haina mfano?

— Haina mfano. Hata kosa lake halina mfano. Jiko linahama dirishani, linakuja kando ya sinki. Na siliweki juu ya meza, nalizamisha sentimita kumi na mbili, mpaka vyuma vyake viwe sawa sawa na meza. Kutoka kwenye moto hadi ukingo wa sinki iwe njia moja, haina kilima, haina shimo. Sufuria hutaibeba tena, bibi. Utaisukuma.

— Na barabara yangu ya kutazamia watu?

Hilo lilimkata Milimita maini. Alitazama dirisha, akatazama sinki.

— Kioo cha pembeni, alisema Gia taratibu. Kutoka lori langu la mwisho. Ninacho.

Wote walimgeukia. Ulikuwa ushauri wake wa kwanza wenye faida mwaka ule, na yeye mwenyewe alishtuka.

Walifanya kazi mchana ule na Ijumaa nzima. Mpeleka gesi alileta mpira mrefu zaidi na kuufunga yeye mwenyewe, akaupima kwa povu la sabuni kila kiungo. Juu ya mbao, kati ya jiko na sinki, Milimita alilaza bati la chuma kisichoshika kutu, kipande kimoja kisicho na kiungo, kilichokuwa kimelala nyuma ya nyumba ya Gia kikingoja siku kama hii. Waya alisema mengi, akafunga taa moja. Kwa kipande cha mbao kilichobaki Milimita alichonga kijiti kirefu chenye kichwa kilichokunjwa kama mwezi mchanga, kinachokumbatia tumbo la sufuria. Bibi alikishika mkono wa kushoto, akaisukuma sufuria iliyojaa maji baridi. Ilikwenda, ikagota ukingoni mwa sinki, haikumwaga. Akairudisha. Akaipeleka tena, mara kumi na nne, Milimita alihesabu.

— Viazi utavitoa na kijiko cha matundu, sahani utazipeleka moja moja kwa mkono wa kushoto, alimwambia. Maji yake yaache hapo hapo yapoe, huna haraka nayo.

— Unanifundisha kupika?

— Hapana, bibi.

— Hiki kijiti nakiita shangazi, alisema bibi. Kazi yake ni kusukuma tu.

Jumamosi shangazi alikuja saa tano, na kijiwe kizima kilimwona akishuka garini akivuta begi kubwa la magurudumu. Lilikuwa tupu, lilirukaruka kwenye mawe kama kopo. Aliingia mlango wa bluu, mlango ukafungwa.

Milimita alikaa katikati ya benchi, simu juu ya goti. Hakuvaa shati la pasi. Saa sita aliigeuza simu, akaigeuza tena. Saa sita na robo Gia alijaribu kumchangamsha kwa habari ya lori lililokwama mtoni, akaliacha humo humo mtoni. Saa sita na nusu wote wanne waliitazama ile simu.

Haikulia.

— Mtandao, alisema Waya.

Saa saba kasorobo haikulia.

— Au ile nyonga, alisema Gia, akatamani angenyamaza.

Milimita alisimama. Mama Birika alimshika pindo la fulana bila kuinuka kwenye kigoda.

— Kaa.

— Mama, kama ameanguka?

— Kama ameanguka, shangazi yako yuko sebuleni na ana miguu. Wewe ukikanyaga mle ndani, umemhamisha kwa mkono wako. Kaa.

Alikaa. Aliomba kikombe kingine. Mama Birika aliinamisha birika, yakatoka matone mawili na machicha. Kahawa ilikuwa imekwisha, na saa saba ikapita, na mpeleka gesi akatokea na baiskeli yake, akasimama bila kuuliza kitu. Milimita alikuwa anapitia vipimo kichwani: kumi na mbili, kiwiko, goti, ukingo wa bati. Vyote vilikuwa sawa. Alivipitia tena.

Saa saba na dakika ishirini simu ililia. Aliidaka kabla haijamaliza mlio wa kwanza.

— Bibi.

— Mume wangu.

— Kimeiva?

— Kimeiva, kimeepuliwa, kimeliwa. Shangazi yako anasema chumvi imezidi. Amejiongezea sahani mara mbili.

Milimita aliibana simu sikioni kwa mikono miwili.

— Amevua viatu, amelala kwenye kochi, aliendelea bibi kwa sauti ya chini. Akiamka ataondoka na begi lake kama alivyokuja nalo. Amekiri mwenyewe, tena akiwa na kijiko mdomoni.

— Hukunipigia saa sita na nusu.

— Nilikuwa nina kazi. Sasa sikiliza. Mapatano yetu yalikuwa kupika na kufikisha mezani, hayakugusa mengine. Njoo uoshe vyombo.

Simu ikakatika. Gia na Waya walikuwa wamemsogelea hadi benchi lote limelalia upande wa matofali.

— Wanasemaje? aliuliza Waya.

— Naitwa, alisema Milimita, akiwa tayari barabarani.

— Kula?

— Nina kazi, alijibu bila kugeuka, akikunja mikono ya fulana juu ya viwiko.